Kijani cha Kericho Kina Mwaka wa Kuzaliwa

Wadau, kuna picha moja ya Kericho ambayo kila mtu anayo kwa simu. Msee amesimama katikati ya majani chai, mikono ameinyoosha kama ndege anataka kuruka, na nyuma yake ni kijani tupu mpaka macho yachoke. Chini ameandika kitu kama "uzuri wa asili." Picha ni kali, sikatai. Shida yangu ni hilo neno "asili."

Kwenye hiyo picha, kitu cha asili ni mawingu pekee. Hicho kijani kililetwa. Kina mwaka wa kuzaliwa, kina wazazi, na kuna watu waliosukumwa kando ndio kipate nafasi. Fikiria hivi: mashamba makubwa ya chai Kericho yalianza katikati ya miaka ya 1920. Huo ni umri wa mama ya nyanya yako. Kwa historia, hiyo ni jana tu.

Kwa hivyo leo nataka tutembee Kericho pamoja, lakini tuusome huu mji badala ya kuupiga picha tu. Ukimaliza, bado unaweza kupiga selfi yako. Utakuwa tu unajua umesimama kwa nini.

Kufika

Kutoka Nairobi ni kama kilomita 260. Unapita Nakuru, unapanda mpaka Mau Summit. Hapo barabara inagawanyika: moja inaelekea Eldoret, nyingine inashuka Kericho na kuendelea hadi Kisumu. Kuna wale hupitia Narok na Bomet, na hiyo pia ni safari tamu. Njia yoyote utakayochukua, beba jaketi. Kericho iko kwenye miteremko ya magharibi ya msitu wa Mau, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ni jua, saa nane mawingu yameanza kujipanga, na ikifika saa tisa au kumi unaweza kunyeshewa vibaya, tena wakati mwingine ni mvua ya mawe.

Usiikasirikie hiyo mvua. Ndiyo chanzo cha hadithi yote. Chai inapenda baridi kiasi, mvua karibu mwaka mzima, na udongo wenye asidi. Mtu yeyote aliyekuwa na mtaji na ramani mwaka wa 1920 angeangalia hii miteremko na kuona pesa. Swali ni moja tu: hiyo ardhi ilikuwa na nani?

Jina lenyewe

Kuhusu jina Kericho, utasikia hadithi mbili. Wengine husema limetoka kwa mganga aliyeitwa Kipkerich, kwa sababu kwa Kikalenjin kerichek ni dawa. Wengine husema limetoka kwa mkuu wa Wamaasai aliyeitwa Ole Kericho, aliyeuawa vitani hapa zamani. Chagua unayoipenda, lakini angalia kitu kimoja: hadithi zote mbili ni za kabla ya mzungu na kabla ya chai. Mji una jina la zamani kuliko mmea unaouletea sifa.

Wenyeji ni Wakipsigis, kabila kubwa zaidi kati ya Wakalenjin. Walikuwa wanafuga ng'ombe na kulima wimbi. Waingereza walipofika waliwaita "Lumbwa," jina la dharau ambalo Wamaasai waliwapa watu wanaolima. Hata stesheni ya reli iliitwa Lumbwa. Leo inaitwa Kipkelion. Reli yenyewe ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na mpaka Aprili 1902 sehemu hii yote ilihesabiwa kuwa Uganda. Halafu mstari ukahamishwa kwenye ramani, na watu wakajikuta nchi nyingine bila kutoka nyumbani kwao.

Kijani kilivyozaliwa

Sasa tuingie ndani. Mwaka wa 1905 jeshi la Waingereza lilivamia Wakipsigis wa upande wa Sotik, likaua watu na kuchukua maelfu ya ng'ombe. Mwaka huohuo, tarehe 19 Oktoba, upande wa Nandi, Koitalel arap Samoei aliuawa na Richard Meinertzhagen kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Koitalel tunamjua kutoka shuleni. Wengi hawajui kwamba ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, ndiye aliyekuwa orkoiyot wa Wakipsigis. Orkoiyot alikuwa kiongozi wa kiroho, mtu ambaye vijana hawangeenda vitani bila baraka zake. Ukitaka kutuliza jamii kama hii, unaanza na huyo. Tutarudi kwa familia yake, subiri kidogo.

Baada ya bunduki ikaja karatasi. Sheria za ardhi za 1902 na 1915 zilisema ardhi ni ya Mfalme wa Uingereza, na serikali inaweza kuwagawia walowezi. Ile ya 1915 iliruhusu mikataba ya miaka 999. Fanya hesabu: mkataba ulioanza 1915 ungeisha mwaka wa 2914. Aliyeandika hiyo sheria hakuwa anakopa shamba. Alikuwa anajenga kitu ambacho vitukuu vya vitukuu vyake wangekuta.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoisha, Uingereza ilikuwa na maofisa wengi waliorudi wakiwa wamejeruhiwa. Wakapewa zawadi, na zawadi ilikuwa hapa. Ekari 25,000 za Kericho zilitengewa mradi wa maofisa walemavu kuanzia 1919. Na hawakupanda chai! Walipanda kitani, ule mmea wa kutengeneza nguo na kamba. Bei ya kitani ilipoporomoka duniani, mradi ukafa ndani ya miaka michache.

Hapo ndipo historia ingeweza kugeuka. Mradi umeanguka, ardhi iko wazi, wenyewe wako hapo karibu. Mtu wa kawaida angesema, "Basi, warudishieni." Haikutokea. Ardhi iliuzwa kwa kampuni za chai. Chai ilikuwa imejaribiwa Limuru tangu 1903, na sasa Brooke Bond na James Finlay, kampuni za Uingereza zilizokuwa tayari na uzoefu wa chai India na Ceylon, zikaingia Kericho katikati ya miaka ya 1920. Msitu na malisho vikakatwa, miche ikapangwa kwa mistari, na hicho kijani unachokipenda kikazaliwa.

Familia iliyopelekwa Gwassi

Nilisema tutarudi kwa familia ya orkoiyot. Ukoo wao unaitwa Talai. Serikali ya kikoloni iliwaogopa kwa sababu watu waliwasikiliza kuliko walivyomsikiliza DC. Kwa hivyo mwaka wa 1934 ikapitishwa sheria maalum ya kuwaondoa. Soma hiyo tena polepole: sheria nzima ya kuondoa ukoo mmoja. Hakukuwa na kesi ya mtu mmoja mmoja. Kosa lako lilikuwa ukoo wako. Mzee, mama, mtoto, wote.

Karibu watu 700 walitolewa kwenye hii baridi ya Kericho wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali palipokuwa na joto, malaria na mbung'o. Watu wa milimani ambao miili yao haijazoea malaria, na ng'ombe ambao hawawezi kuvumilia mbung'o. Huhitaji kuwa daktari kujua kilichofuata. Wengi hawakurudi. Waliobaki waliruhusiwa kurudi uhuru ulipokaribia, miaka karibu thelathini baadaye, na wakakuta hawana pa kurudi. Mpaka leo kuna familia za Talai zinazoishi Kericho bila shamba lao, zikizungukwa na mashamba makubwa kuliko mitaa mingine ya Nairobi.

Hii ndiyo sehemu ambayo haiko kwenye picha yako. Na ndiyo maana mimi huwa sikubali mtu akiniambia "hiyo ni historia, songa mbele." Unasonga vipi mbele ukiwa huna pa kusimama?

Kutembea mjini

Kericho yenyewe ni mji mdogo, unaumaliza kwa miguu. Katikati kuna Chai Square, bustani ndogo ambayo ni poa kupumzika. Ukiwa hapo unaona jinsi chai ilivyoingia hadi kwenye majina. Kuna Tea Hotel, iliyojengwa na Brooke Bond miaka ya 1950. Hebu fikiria waliokuwa wanakunywa pale kwenye varanda wakati huo, halafu ufikirie waliochuma hayo majani walikuwa wanaishi wapi. Walikuwa kambini, kwenye vijumba vya safu kwa safu ndani ya mashamba. Ukipita bado unaona hizo safu.

Waliokaa kambini walitoka kila mahali: Waluo, Wakisii, Waluhya na wengine wengi. Ndiyo maana sokoni Kericho utasikia "chamgei" upande mmoja, Kijaluo upande wa pili, na Kiswahili kikiwaunganisha katikati. Mji huu ulichanganyika zamani kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Nenda pia kwenye gurdwara, hekalu la Masingasinga. Ni kati ya makubwa zaidi barani Afrika, na limejengwa kwa kumbukumbu ya Baba Puran Singh, aliyeishi na kufanya kazi Kericho miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza miaka ya 1970. Huko Birmingham wafuasi wake humtambua hadi leo kwa jina la huu mji wetu. Ukiingia unavua viatu, unafunika kichwa, na unapewa chakula bure bila kuulizwa dini yako wala kabila lako. Kwa mji wenye historia ya kuuliza watu wametoka wapi, hiyo sahani ya dengu ina maana kubwa.

Halafu kuna kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, la Wakatoliki, lililofunguliwa 2015. Paa lake linapanda taratibu kama mlima na ndani linabeba watu kama 1,500. Hata kama hupendi mambo ya ujenzi, ingia ukae dakika tano. Utanishukuru.

Na kama unapenda vitu vya zamani zaidi, upande wa Fort Ternan, ndani ya kaunti hii hii, ndiko Louis Leakey alipata mwaka wa 1961 mabaki ya Kenyapithecus, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi miaka kama milioni 14 iliyopita. Ukilinganisha na huyo, sisi wote ni wageni hapa, pamoja na chai.

Kijani cha pili

Sasa chukua matatu ya kuelekea Litein, Kapkatet na Bomet, kaa dirishani. Hapa ndipo utajifunza kusoma shamba.

Kwanza ni zulia: chai bila mwisho, mistari imenyooka, hakuna nyumba ya mtu, hakuna mahindi. Hilo ni shamba la kampuni. Baadaye zulia linaanza kukatika. Unaona robo ekari ya chai, halafu mahindi, halafu ng'ombe wawili, nyumba ya mabati, mtoto wa shule anakimbia, halafu chai tena. Hiyo ni chai ya wananchi. Ni mmea uleule na mvua ileile, lakini historia mbili.

Kwa miaka mingi ya ukoloni, Mwafrika kwa ujumla hakuruhusiwa kupanda chai ya kuuza. Ruhusa aliyokuwa nayo ilikuwa ya kuchuma ya mwingine. Mlango ulianza kufunguka miaka ya 1950, na mwaka wa 1964 ikaundwa KTDA kusimamia wakulima wadogo. Leo ukisikia watu wa Bomet wakingoja bonasi ya chai, au wakilalamika bonasi ni kidogo, jua kwamba wanalalamika kama wenye shamba. Hayo malalamiko nyanya zao hawakuwa na nafasi ya kuyatoa.

Na Kapkatet ina siri nyingine. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alirekodi hapo wasichana wa Kikipsigis wakiimba kuhusu "Chemirocha." Huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake zilikuwa zimefika huku kwenye gramafoni. Walichukua jina lake wakalifanya la Kikalenjin, na yeye mwenyewe wakamgeuza kiumbe nusu mtu nusu swara. Yaani wakati ulimwengu ulikuwa unafikiri hawa watu wako tu hapo kuchuma chai, wasichana walikuwa washamsikia staa wa ng'ambo na kumtengenezea toleo lao. Ukifanya hivyo leo unaitwa mbunifu.

Haijaisha

Kama unafikiri haya yote yamelala, angalia miaka ya hivi karibuni. Katiba ya 2010 ilisema asiye raia hawezi kushika ardhi zaidi ya miaka 99, kwa hivyo ile mikataba ya 999 ikakatwa. Mwaka wa 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliamua kwamba Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa kweli. Mwaka wa 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kuhusu jambo hili. Agosti 2022 waathiriwa wakapeleka malalamiko yao kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alipokuja Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023 alieleza majuto yake kuhusu ukatili wa ukoloni, lakini neno lenyewe la kuomba msamaha hakulitoa.

Kwenye mashamba nako kuna moto wake. Februari 2023 BBC ilionyesha uchunguzi kuhusu wanawake wanaodhulumiwa kingono na wasimamizi ili wapate kazi. Mei mwaka huohuo vijana walichoma mashine za kuchuma chai, kwa sababu mashine moja inafanya kazi ya watu wengi. Na wenye mashamba wanabadilika: biashara ya mashamba ya James Finlay iliuzwa kwa Browns ya Sri Lanka, na mwaka wa 2024 Lipton, waliorithi mashamba ya Brooke Bond kupitia Unilever, nao wakatangaza kuuzia Browns. Chai ya Ceylon imerudi kutununua. Kila mauzo yakifanyika, swali linabaki lilelile la 1924: yule wa kwanza anaulizwa lini?

Sasa nataka niseme kitu ambacho wengine hawatapenda. Dhuluma ya ardhi ya Kericho ni ya kweli, lakini imewahi kutumiwa vibaya. Mwaka wa 1992, na tena mwanzoni mwa 2008, hasira ya "hii ni ardhi yetu" iligeuzwa dhidi ya majirani, watu waliokuwa wakichuma chai kwa mshahara mdogo. Mchumaji kutoka Kisii hakumpeleka mtu yeyote Gwassi. Luo wa kambini hakuandika sheria ya 1915. Walioandika wana majina, na kampuni zilizonunua zina majina, na karatasi zipo. Mwanasiasa akikuonyesha jirani yako badala ya karatasi, anakuchezea. Na anajua hutasoma.

Ndiyo maana mimi nasukuma hii historia kwetu sisi vijana. Ukijua tarehe, ni ngumu mtu kukudanganya kuhusu adui wako ni nani. Vijana wa Kericho na Bomet wanahitaji kazi, mashamba na majibu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopatikana kwa kufukuza jirani.

Ningependa pale kando ya barabara watu wanaposimama kupiga picha kuwe na bango moja tu. Liseme nani alikuwa hapa, kitani kilipandwa lini, chai ilikuja lini, na Watalai walipelekwa wapi. Kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis. Halihitaji pesa nyingi. Linahitaji kaunti na kampuni zikubali kwamba hicho kijani kina wenyewe.

Mpaka hilo bango lije, libebe kichwani. Nenda Kericho, kula kwa Masingasinga, onja mursik, panda matatu ya Bomet uhesabu hivyo vijani viwili. Ukipata mzee au kogo ana muda, muulize kulikuwa na nini hapa kabla ya chai, halafu unyamaze usikilize. Halafu piga picha yako. Lakini pale chini, badala ya "uzuri wa asili," andika mwaka.